Mwenye gauni la buluu hakupotea

Los Angeles, kiangazi cha mwaka 1948. Ezekiel Rawlins, ambaye kila mtu humwita Easy, ameinamia gazeti katika baa ya rafiki yake Joppy akipekua nafasi za kazi. Alikuwa na ajira kwenye kiwanda cha ndege mpaka msimamizi wake alipomfukuza. Nyumba yake ina deni, na benki haina habari ya kufukuzwa wala kuonewa. Joppy anamletea mgeni, Mzungu mcheshi mwenye tabasamu la mtu aliyezoea kuogopwa. Anaitwa DeWitt Albright. Anasema kuna mwanamke ametoweka, Daphne Monet, mchumba wa tajiri aliyekuwa akigombea umeya. Ni Mzungu, lakini anapenda kustarehe kwenye vilabu vya watu Weusi, na huko Albright akitia mguu tu midomo yote inafungwa. Anataka mtu wa kumuulizia. Malipo ni dola 100.

Easy si mpelelezi. Ana deni tu.

Hivyo ndivyo inavyoanza Devil in a Blue Dress, filamu aliyoiandika na kuiongoza Carl Franklin mwaka 1995 kutoka katika riwaya ya Walter Mosley ya mwaka 1990. Jina lake ukiligeuza ni kama Shetani ndani ya gauni la buluu. Easy ni Denzel Washington. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tunamjua zaidi Denzel wa Training Day na Man on Fire, yule anayeingia chumbani akiwa tayari anajua nani atatoka amebebwa. Huyu wa mwaka 1948 hajui kitu. Anadanganywa na kila mtu, anapigwa, anatetemeka, na usiku anarudi kwake kuhakikisha miti yake haijakatwa na jirani mmoja punguani anayezunguka na shoka akiomba kazi ya kukata miti.

Niliiona mara ya kwanza kwa DVD ya kuazima iliyojaa mikwaruzo. Ilikwama zikiwa zimebaki kama dakika ishirini, na kwa miaka miwili nikawa sijui huyo mwanamke alikuwa nani hasa. Wewe sitakuacha hivyo. Mwisho nitausema, maana filamu imetimiza miaka thelathini, na aliyetaka kuiona bila kusimuliwa ameshapewa muda wa kutosha.

Devil in a Blue Dress ni ya mkondo wa filamu ambao walioupa jina ni Wafaransa. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, sinema za Marekani zilizokuwa zimezuiliwa miaka ya vita zikamiminika Paris kwa mkupuo, na mwaka 1946 mkosoaji Nino Frank akaziita noir, yaani nyeusi. Usiku, moshi wa sigara, mwanamume mwenye kofia, mwanamke mwenye siri. Zilizofufua mtindo huo tangu miaka ya 1970, zikiwa na rangi na uchungu zaidi, ndizo noir mamboleo. Na nyingi katika zote hizo zina mtu aliyetoweka. Katika The Big Sleep ya mwaka 1946 kachero anaitwa kwa shauri lingine kabisa, lakini kila anayekutana naye anataka kujua kama anamtafuta Regan. Katika Night Moves ya mwaka 1975, Gene Hackman anatumwa kumrudisha binti aliyetoroka kwa mama yake. Kumtafuta mtu ni kisingizio kizuri cha kutungia hadithi, kwa sababu kinampa kachero haki ya kubisha hodi popote, kwa tajiri na kwa kahaba, na sisi watazamaji tukaingia nyuma yake.

Haki hiyo ya kubisha hodi ndiyo Mosley na Franklin walioishika na kuigeuza.

Ukitaka kuona walichogeuza, rudi kwa Raymond Chandler, baba wa makachero wote wa Los Angeles. Riwaya yake Farewell, My Lovely ya mwaka 1940 inaanzia Central Avenue, barabara ya watu Weusi. Kachero Marlowe yuko hapo akimtafuta kinyozi aliyemkimbia mkewe. Mara anakutana na jitu moja la Kizungu, limetoka gerezani, linamtafuta mpenzi wake wa zamani aliyekuwa akiimba kwenye klabu ya ghorofani wakati klabu hiyo ilipokuwa ya Wazungu. Jitu hilo linapanda ngazi na kumuua meneja Mweusi. Polisi anayepewa kesi hiyo analalamika kwamba amepewa kesi isiyo na faida, maana mauaji ya mtu Mweusi hayampatii nafasi gazetini. Baada ya hapo kitabu kinaiacha Central Avenue na kushughulika na mpenzi wa lile jitu mpaka ukurasa wa mwisho. Watafutwao ni wawili, kinyozi na mwimbaji. Aliyekufa sakafuni hatafutiwi hata muuaji wake, kwa sababu muuaji anajulikana na hakuna mwenye haraka.

Mosley alizaliwa Los Angeles mwaka 1952, baba Mmarekani Mweusi aliyetoka Louisiana, mama Myahudi. Alikuwa mtaalamu wa programu za kompyuta kabla ya kushika kalamu. Alichofanya ni kuuliza: yule meneja wa klabu alikuwa na rafiki gani, alikuwa akiishi wapi, nani alimlilia? Akaanzisha hadithi yake ndani ya mtaa ambao Chandler aliupitia mara moja na kuondoka. Sura ya kwanza ya Devil in a Blue Dress ni Mzungu anayeingia baa ya watu Weusi kumtafuta mwanamke, kama lile jitu la Chandler, ila safari hii tunamtazama tukiwa tumekaa kwenye kaunta.

Franklin akachukua hatua moja zaidi, akatuonyesha mtaa wenyewe kabla ya mtu yeyote kusema neno. Filamu inafunguliwa na mchoro wa Archibald Motley, Bronzeville at Night, kamera ikiteleza taratibu juu ya watu wa usiku, taa, magari na mavazi. Bronzeville ni mtaa wa Chicago, najua, lakini mimi hainisumbui. Kisha mchoro unayeyuka na kuwa barabara yenye uhai. Mpigapicha Tak Fujimoto ameijaza dhahabu na kahawia, hata usiku wake una joto. Noir za zamani zilikuwa zikiutumia mtaa wa watu Weusi kama giza la kumtishia shujaa. Hapa giza liko kwenye majumba ya vilimani na gatini kule Malibu. Mtaani kwao Easy anapumua.

Huo ulikuwa mtaa wa wageni. Mwaka 1940 Los Angeles ilikuwa na Weusi kama 64,000; kufikia 1950 walishapita 170,000. Walikuja kwa treni na kwa magari kutoka Texas na Louisiana, wakifuata viwanda vya ndege na meli ambavyo vita vilivifungua. Easy ametoka Houston, kapigana Ulaya, kisha akafanya jambo ambalo filamu nzima inalizunguka: amenunua nyumba. Ina kibaraza, nyasi mbele na miti michache. Kamera inaitazama kwa upendo ambao sinema nyingi huuweka kwa wanawake. Nadhani kila aliyewahi kujenga kwa kuunga unga, tofali hili mwezi huu na bati lile mwakani, ataelewa kwa nini mtu mwenye akili zake anapokea hela ya DeWitt Albright.

Mwaka ule wenyewe una maana. Mwezi Mei 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, katika shauri la Shelley dhidi ya Kraemer lililotoka St. Louis, kwamba mahakama haziwezi tena kutekeleza yale makubaliano ya wenye nyumba yaliyokuwa yakiandikwa kwenye hati, kwamba nyumba hii asiuziwe mtu Mweusi. Los Angeles ilikuwa imezungukwa na hati za namna hiyo. Kwa hiyo kiangazi ambacho Easy anakimbizana na benki ni kiangazi kile kile ambacho ukuta ule ulipata ufa wa kwanza mkubwa. Filamu haitamki habari ya mahakama hata mara moja, wala haihitaji. Inamwonyesha tu mtu akimwagilia nyasi zake kama mtu anayeogopa kuamshwa.

Turudi kwa Daphne. Easy anaanza kazi kwenye klabu ya pombe ya magendo juu ya duka la vyakula, ambako kila mtu ametoka Houston na kila mtu anamjua mwenzake. Hapo anakutana na rafiki yake Dupree na mpenzi wa Dupree, Coretta. Coretta anamfahamu Daphne. Usiku ule, Dupree akiwa amelala kwa ulevi chumba cha pili, Easy na Coretta wanafanya wanayoyafanya, na huku Coretta anamtolea habari kidogo kidogo. Asubuhi Easy ana jina la kumpelekea Albright, na aibu. Hazijapita siku nyingi polisi wawili wanamchukua. Coretta ameuawa, na wa mwisho kuonekana naye ni yeye. Wanampiga kwa utulivu wa watu walio kazini.

Tangu hapo ana kesi mbili. Ya kwanza anatumwa: yuko wapi Daphne? Ya pili inamhusu shingo yake: nani alimuua Coretta? Hesabu wanaoitaka ile ya kwanza. Albright anaitaka. Todd Carter, mchumba tajiri, anaitaka, tena Easy anapomfuata nyumbani kwake anagundua kwamba Carter hakumtuma Albright kabisa. Matthew Terell, mgombea umeya aliyebaki baada ya Carter kujitoa, anaitaka, na ndiye aliyemtuma Albright. Watu hawa wote wana pesa, magari na silaha, na kila mmoja amemfuata Easy mpaka mlangoni kwake. Hiyo ya pili hakuna anayeitaka ila yeye. Polisi wenyewe wanataka mtu wa kumbambikia kesi, basi.

Kesi ya mtu aliyetoweka, unajifunza ukiitazama filamu hii, hufunguliwa na anayeweza kulipa. Ndiyo maana mimi nimeacha kumuuliza kachero yeyote wa sinema swali la "yuko wapi?" Nauliza nani anataka kujua.

Kwa kweli Daphne hakupotea. Alijificha, na alijua vizuri anamkwepa nani na kwa nini. Siku moja anampigia Easy simu mwenyewe. Wanakutana kwenye hoteli ya Wazungu ambako mtu Mweusi anaingizwa kwa mlango wa nyuma, kisha wanapanda vilimani kwa gari kufuata kitu alichokinunua, na mwenye nyumba wanamkuta maiti. Kitu chenyewe ni picha. Ni picha za Terell na watoto, na siongezi neno. Daphne alizitaka zimzibe Terell mdomo, kwa kuwa Terell naye alikuwa anaijua siri ya Daphne na kwa siri hiyo ndiyo alimlazimisha Carter kujitoa kwenye kinyang'anyiro.

Siri hiyo ndiyo ile DVD iliyoninyima. Daphne Monet si Mzungu. Anaitwa Ruby Hanks, ni chotara kutoka Louisiana, na Frank Green, jambazi Mweusi ambaye watu wote walidhani ni hawara yake, ni kaka yake wa mama mmoja. Mwanamke aliyekuwa akitafutwa kwa jina lile hakuwapo.

Carter anampenda, na filamu haitilii shaka hilo. Lakini kwa sababu ya siri hiyo, hamwoi. Watazamaji wa leo humwona mwoga, na ni mwoga kweli. Ila kumbuka tena mwaka. Sheria ya California ilikuwa ikikataza ndoa ya Mzungu na mtu Mweusi tangu 1850, na kiangazi kile ilikuwa bado inafanya kazi. Ilivunjwa na Mahakama Kuu ya jimbo tarehe 1 Oktoba 1948, kwa kura nne dhidi ya tatu, katika shauri la Andrea Perez na Sylvester Davis, ambao karani wa Los Angeles alikuwa amewanyima cheti. Perez na Davis walikuwa wamefahamiana kazini, kwenye kiwanda cha ndege cha Lockheed. Mtunzi wa riwaya angelibuni hilo tungesema ametia chumvi. Ina maana Ruby angestahimili majuma machache tu zaidi, sheria isingekuwa tena kikwazo. Kikwazo kingebaki Carter.

Jennifer Beals ndiye Daphne. Yeye mwenyewe baba yake alikuwa Mmarekani Mweusi na mama yake Mmarekani mwenye asili ya Ireland, na watu wa rika langu wanamkumbuka kwa Flashdance. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaoisifu filamu hii bila breki. Beals amepewa gauni, kofia na mwanga mzuri, lakini maneno amepewa machache. Kwenye kitabu Easy na Daphne wanalala pamoja na siri inapofunuka inamuuma Easy mwenyewe, mwilini. Franklin aliliondoa penzi hilo. Easy akabaki safi kidogo kuliko anavyostahili, na Daphne akabaki mtu wa kuelezewa na wengine hadi dakika za mwisho. Kwa filamu inayomhusu mwanamke ambaye kila mtu anamsimulia kwa namna yake, labda ni makusudi. Mimi naona ni pengo.

Pengo hilo, hata hivyo, linasahaulika anapoteremka Mouse.

Mouse ni rafiki wa Easy wa utotoni kutoka Houston. Filamu inakaribia nusu yake Easy anapozidiwa na kumwita, na anakuja na meno ya dhahabu, kofia, bastola na moyo usio na breki. Don Cheadle anaigiza kama mtu anayetabasamu akisikiliza wimbo usiosikika na wengine. Kuna mahali Easy anamwachia mateka amlinde kwa muda mfupi. Akirudi, mateka amenyongwa. Easy anang'aka, Mouse anashangaa kabisa, kwani kama hakutaka mtu huyo afe, kwa nini alimwachia yeye? Nimewahi kuitazama sehemu hiyo na watu kumi chumbani, wote wakacheka, kisha wote wakanyamaza kwa pamoja. Wakosoaji wa Los Angeles walimpa Cheadle tuzo ya mwigizaji bora msaidizi mwaka ule. Watoaji wa Oscar hawakumtaja hata kwenye orodha.

Mateka aliyenyongwa ni Joppy, yule mwenye baa aliyemtafutia Easy kazi. Na ndiye aliyemuua Coretta. Kesi ya pili, ile isiyo na mlipaji, inajibiwa hapo, na mtu asiyependa kuuliza maswali marefu.

Msomaji wa hadithi za upelelezi za Kiswahili ataona tofauti haraka. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale, anakaa na kiko chake na kulifumbua fumbo kwa akili, kama Sherlock Holmes aliyehamia Unguja. Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa wanatumia ngumi na bastola, lakini hata wao wanajua wanaanzia wapi. Easy hana kiko wala mafunzo. Silaha yake ni kwamba anaruhusiwa kukaa kwenye meza ambazo waliomtuma hawaruhusiwi, na watu wanazungumza mbele yake kwa kuwa ni wa kwao. Hicho ndicho Albright alichokinunua kwa dola 100. Uchungu wa Easy unaanza anapotambua kwamba ameuza kitu kisicho chake peke yake: mazungumzo ya jirani zake.

Ilipotoka, tarehe 29 Septemba 1995, Los Angeles nzima ilikuwa ikitazama mahakama. Siku nne baadaye hukumu ya O.J. Simpson ilisomwa. Wengine husema hiyo ndiyo iliyoizamisha filamu, watu wakiwa wamechoshwa na habari za mtu Mweusi, polisi na maiti kwenye mji huo huo. Sina hakika kama ni hiyo pekee. Iligharimu kiasi cha dola milioni 27 na majumba ya sinema ya Marekani yakarudisha kama milioni 16. Mosley aliendelea kumwandika Easy Rawlins, akampeleka mpaka kwenye machafuko ya Watts ya mwaka 1965 na baada yake, vitabu vimepita kumi sasa. Denzel hakumrudia tena.

Mwisho wake hauna mshindi wa kupigiwa makofi. Albright amekufa. Terell amezibwa mdomo. Easy anarudi kumjulia hali Ruby, anakuta yeye na kaka yake wamehama, na safari hii hakuna aliyelipa mtu awatafute. Anakaa kibarazani na rafiki yake, mzee Odell, watoto wanapita na baiskeli, na anawaza kwamba kazi hii ya kuulizia watu huenda ikalipa deni la nyumba.

Ukiipata, itazame usiku, peke yako, kwa sauti ya kutosha ili muziki wa Elmer Bernstein usikupite. Kisha nifanyie hesabu moja niliyoifanya mimi mara ya tatu: tangu Coretta anapouawa mpaka taa zinapowashwa, ni mara ngapi mtu yeyote, nje ya Easy na Dupree, anamlilia kwa jina lake.